Barafu ya Marehemu

Siku ya kuniaga mlinunua soda na mahamri, na mkubwa wetu akasoma hotuba ambayo jina langu lilitamkwa kama la mtu mwingine. Sikukasirika. Nimefanya kazi ya leseni na ushuru tangu enzi za baraza la mji mpaka hizi za kaunti, na majina ya watu nimeyaona yakiharibiwa sana kwenye karatasi. Baada ya kula, wawili watatu kati yenu mlinivuta kando mkasema, Karani, andika hayo uliyoyaona, sisi tutakuja kuyahitaji. Basi naandika. Msitarajie makubwa. Shule niliishia darasa la saba, na nina tabia ya kujishuku: nikishaandika kitu hukirudia nikijiuliza kama nimemwonea mtu. Mkiona nimesema "huenda", jueni kwamba sijui.

Dharau pia mtaiona. Mara ya kwanza niliyaandika haya kwa upole, yakatoka kama hotuba ya mkubwa, nikaichana karatasi.

Nilianzia mjini Amu, ambao wengi huuita Lamu, chini ya Bwana Skanda, karani mzee aliyekuwa akitembea taratibu mno hata wenye maduka wakipata nafasi ya kufunga kabla hajafika. Nilidhani ni uzee. Baadaye nikafahamu kwamba alikuwa akiwapa nafasi hiyo kwa makusudi, kwa sababu aliyefunga siku hiyo alionekana na mtaa mzima, na kesho yake alilipa kwa haya. Vifaa vyetu vilikuwa kisanduku cha bati, muhuri, kidau cha wino, na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni ambayo kwa joto letu hili ilinata vidoleni, ukaenda nyumbani na mikono kama ya fundi wa injini. Bwana Skanda alinifundisha nisifungue kisanduku kabla ya salamu kwisha. Kahawa ukiletewa usiikatae, maana ukiikataa umekuwa adui, wala usiimalize, maana ukiimaliza umekuwa jamaa. Kunywa nusu, kisha taja ushuru.

Na alinifundisha swali. Kila duka mtu huuliza, "Mwenyewe yuko?" Na kila duka hujibiwa, "Mwenyewe hayuko." Jibu hilo kwetu lina vyumba vingi. Huenda mwenyewe amekwenda Mombasa, au amelala, au yuko nyuma ya rafu ya unga na unaiona kofia yake. Au amezikwa zamani na watu wa nyumbani hawapendi kulitamka hilo mbele ya mtoza ushuru. Bwana Skanda aliuliza tena kwa sauti ya chini: "Hayuko wa kurudi, au hayuko wa kurehemiwa?" Wakisema wa kurehemiwa, aliinua mikono akamwombea, kisha akaandika kwenye leseni "Warithi wa" fulani, akapiga muhuri. Kazi imekwisha. Mjane alilipa, watoto walilipa, aliyekuwapo alilipa, na duka likaendelea kuuza mchele.

Nataka nimtendee haki kila mtu, hata mimi nisidanganye kwamba zamani kulikuwa peponi. Neno hilo "warithi" liliwafaa wanyonge, na liliwafaa wenye hila pia. Kulikuwa na familia moja kubwa yenye maduka matatu yaliyolipa kama duka moja kwa jina la babu ambaye hata Bwana Skanda hakuwahi kumwona. Na stakabadhi zilikuwa zikipotea. Kwa hiyo wasomi wa makao makuu waliposema mambo yabadilishwe, hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu. Ila sababu ni kitu kimoja, na kile walichotuletea ni kitu kingine.

Walituletea urahisi. Sijui mimi nina neno gani linalonitia homa kuliko hilo. Kila walipotangaza kwamba wanarahisisha, niliongeza safari. Kwanza leseni zikawa za aina nyingi, kila aina na jina lake, mpaka mtu mwenye kibanda cha chapati akawa na karatasi nyingi ukutani kuliko daktari. Kisha zikaunganishwa ziwe moja, na hiyo moja ikahitaji ushahidi wa zile zote za zamani. Kisha ikaja mashine ya risiti ambayo ilikufa mtandao ukifa, na Faza, mji wa kisiwa jirani nilikohamishiwa baadaye, mtandao hufa upepo ukigeuka. Tuliitwa semina. Tulipewa maji ya chupa, kalamu na kikoba. Mtoa mada alituonyesha ukutani picha ya mfanyabiashara mdogo akitabasamu mbele ya kompyuta. Nilimtazama sana mtu yule. Tangu siku hiyo namtafuta visiwa vyote, sijampata.

Nyinyi mnajua, lakini niandike kwa atakayesoma na asijue: leseni ni ya kaunti, ndiyo kazi yetu. Kodi ya mauzo na ya mapato ni ya serikali kuu, ina afisi yake na watu wake. Mwananchi haoni tofauti. Mwananchi anaona karani anayejua nyumba yake. Na kwa kuwa leseni yetu haikutoka mpaka namba ya kodi, ile ambayo wote huiita pini, iwe safi, matatizo ya afisi ile yalikuja kukaa kwenye benchi la afisi hii.

Nikupeni kisa kidogo kabla ya kile kikubwa. Kipungani wanawake husuka mikeka, kila mmoja nyumbani kwake. Hoteli moja ilitaka kununua kwa wingi, lakini mhasibu wake akasema kila mkeka uwe na ankara ya kielektroniki, la sivyo gharama yake haikubaliwi kwenye hesabu zao. Waliokuwa na simu za kufanyia hayo hawakuwako, ila Bi Amina, kwa sababu mwanawe alimletea moja kutoka Mombasa. Basi mikeka ya kijiji kizima ikauzwa kwa pini yake. Alipojaza ritani, ile taarifa ya mapato, mfumo ulimwona kama tajiri mkubwa wa mikeka pwani nzima. Alikuja kwangu na kanga imekwisha rangi, akaniuliza kama tajiri yule anaweza kumkopesha. Tulicheka, kisha hatukucheka. Aliacha kuuza. Mhasibu hakuwa mbaya, alikuwa akijilinda. Kila mtu katika habari hizi alikuwa akijilinda, na ndiyo sababu hakuna wa kumpiga.

Sasa kisa chenyewe.

Faza, nyuma ya soko la samaki, kulikuwa na mtambo wa barafu wa Bwana Omari. Si kiwanda kikubwa: kompresa, birika la maji ya chumvi, na makopo marefu ya bati ambamo maji matamu yaligandishwa yakatoka mapande. Kabla yake, barafu ya Faza ililetwa kwa mashua kutoka Amu na kufika nusu yake ikiwa maji, na samaki waliuzwa kwa bei ya anayeharakisha. Bwana Omari alipofungua, wavuvi wakapata kusema hapana kwa mnunuzi. Hilo ni jambo kubwa, ingawa sijui linaandikwa kwenye fomu gani.

Alifariki ghafla, baada ya swala ya alasiri. Aliacha mkewe, Bi Zaina, binti yao mkubwa Mwanaisha, na wana wawili wa kiume walio shule ya msingi. Mwanaisha ndiye aliyekuwa akiuendesha mtambo hata babake akiwa hai. Alikuwa akijua kwa kusikiliza tu kama kompresa ina njaa ya gesi. Kwa hiyo barafu haikukosekana hata wiki ya matanga. Na siku ya mazishi, kama ada, ami yake alisimama mbele ya watu akauliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze. Kwetu hilo si jambo la kupitia tu. Maiti hubaki amefungwa na deni lake mpaka alipiwe au asamehewe. Alijitokeza muuza dizeli, akalipwa pale pale. Mwingine hakusimama. Serikali haikusimama siku ile. Ilisimama baadaye, na riba.

Mwaka ulipogeuka Mwanaisha alikuja dirishani kwangu kulipia leseni. Nilimpa pole tena, kisha nikaanza kujaza.

"Jina la mwenye biashara," nikamwambia. "Tuandike lako."

"Langu kwa kitu gani? Mimi si mwenyewe."

"Si unauendesha wewe?"

"Kuendesha si kumiliki, Karani. Mtambo una haki ya mama na haki ya ndugu zangu. Nikiandika langu nimekula mali ya mayatima, na wewe ndiye shahidi wangu kesho mbele ya Mungu. Andika la baba."

"Babako ni marehemu."

"Marehemu hana jina?"

Nilitaka kuandika "Warithi wa Omari", lakini mashine hailijui neno hilo. Inataka mtu mmoja mwenye kitambulisho kimoja. Niliingiza kitambulisho cha babake, ikakubali mara moja, pini yake ikionekana bado safi. Haikuuliza kama anapumua. Kanuni zetu za kaunti ziliruhusu hivyo mpaka mirathi igawanywe, kwa hiyo nilimpa leseni yake akaenda zake.

Lazima niwaeleze nyinyi mliotoka bara, maana najua mtamwona Mwanaisha mkaidi. Kwetu mali isiyogawanywa ni kaa la moto. Mtu anaweza kuitumia kwa ruhusa, lakini kuiandikia jina lake ni jambo la kumnyima usingizi, hasa kukiwa na watoto wadogo. Watu wenye dini ya kawaida tu, si mashehe, huliogopa hilo kuliko jela. Semina zote nilizokwenda, hakuna mtoa mada aliyewahi kuligusa. Walidhani watu wanaacha majina ya wafu kwenye biashara kwa uvivu au kwa hila. Wapo wa uvivu. Wapo wa hila, nimewataja. Lakini wengi walikuwa wakiogopa moto.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa hili: leseni ya kaunti alilipia, na akadhani amemaliza. Ile ya serikali kuu, kwa pini ya babake, ilitaka ritani kila mwezi, na mwezi usio na ritani huzaa faini, na faini huzaa riba. Bwana Omari mwenyewe, Mungu amrehemu, hata uhai wake alikuwa akiruka miezi. Lazima niliseme hilo. Lakini alipokuwa hai angalau kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Afisi ya kodi ilimleta kijana, Bwana Mutua, mwenyeji wa Kitui. Alifika Faza na kishikwambi na viatu vya ngozi ambavyo gati lilivimaliza siku ile ile. Alikwenda mtamboni akauliza, "Mwenyewe yuko?" Mwanaisha akiwa amebeba pande la barafu begani akajibu, "Mwenyewe hayuko." Bwana Mutua akashukuru, akaandika: mlipakodi hapatikani.

Kuanzia hapo simu ya marehemu, ambayo Mwanaisha aliiweka hai kwa sababu wavuvi walikuwa bado wakiipigia, ikaanza kupokea ujumbe. Unatakiwa ujitokeze. Umeshindwa kujitokeza. Hatua zitachukuliwa. Bi Zaina alikuwa ndani, yuko kwenye eda, hatoki. Binti yake alimsomea.

"Wamwita?" Bi Zaina aliuliza.

"Wamwita, mama."

"Wakimtaka waende wao."

Mwanaisha aliponisimulia hilo nilicheka mpaka nikaona yeye hacheki. Alikuwa amefungua hesabu ya pini akaona deni. Hakuniuliza ni kiasi gani cha fedha. Aliniuliza deni lile ni la nani. Nikamwambia kwa sheria ni la marehemu, maana ndilo jina lililoandikwa. Akakaa kwenye benchi. Alisema yeye aliacha jina la baba ili asimdhulumu mtu, na kumbe kila mwezi alikuwa akimtupia mzigo kaburini. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika usiku ule ili nisiyapambe baadaye: "Karani, nikiacha jina lake namfunga yeye. Nikiandika langu nawaibia ndugu zangu. Serikali yenu ina ndia ya tatu?"

Nikamwambia ngoja niulize. Nilikuwa naamini njia ya tatu ipo.

Hapo ndipo nilipomjua vyema Bwana Mutua, na napenda ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya, na mambo ya kodi aliyajua kuliko mimi kwa mbali. Nilipomweleza vyumba vya lile neno "hayuko" alishika kichwa. Alirekebisha ile taarifa ya kutopatikana kwa mkono wake. Lakini kurekebisha deni hakukuwa mikononi mwake.

Kwanza tulipeleka hati ya Kadhi kwenye afisi ya kodi. Kadhi alimaliza kazi yake mapema: thumni ya mke, na kilichobaki kila mwana wa kiume mafungu mawili, binti fungu moja. Safi kabisa, mtoto wa madrasa anaielewa. Dirishani wakasema mfumo unapokea mwenyewe mmoja, si mafungu. Bwana Mutua akapendekeza kampuni, warithi wote wawe wenye hisa. Wale wana wawili hawana vitambulisho, ni watoto. Mwanaisha akafikiri lake, na mimi nikaona ni akili tupu: afungue biashara mpya kwa jina lake mwenyewe, aukodi mtambo kwa warithi, kodi ya pango wapewe mama na watoto. Kadhi aliikubali. Afisi ya kodi ikasema sawa, lakini anayepokea pango ana mapato, na mwenye mapato awe na pini. Bwana Mutua alisoma jibu hilo mbele yetu, akafika kwenye maneno "kila mpokeaji", akamtazama yule ndugu mdogo wa Mwanaisha aliyekuja naye, ambaye alikuwa bado na sare ya shule, akafunga kishikwambi.

Njia ya halali ilikuwa moja: mahakama imteue msimamizi wa mirathi, tangazo litoke kwenye gazeti la serikali, watu wangoje kama kuna pingamizi, halafu msimamizi ndiye asimame badala ya marehemu. Ndiyo niliyowashauri. Ni njia nzuri kwa anayeweza kungoja. Lakini mahakamani walitaka mjane afike mwenyewe kutia sahihi, na mjane yuko eda. Tulieleza. Yule wa dirishani aliuliza eda inakwisha lini, tukamwambia, akasema hati nyingine hapo zitakuwa zimepitwa na muda. Zilipitwa. Tukaanza upya. Wakati wote huo makopo ya barafu yanataka umeme, na mwezi wa mfumo haungoji mwezi wa eda.

Nimewahi kusikia wakubwa wakijisifu kwenye semina kwamba nchini mwetu hakuna kodi ya urithi, ilifutwa zamani. Ni kweli, na mtu mwema ndiye aliyeifuta. Kufa hakutozwi. Kinachotozwa ni kuendelea kuwa umekufa.

Kilichoumaliza mtambo ni hoteli ya upande wa Kiwayu iliyokuwa ikichukua barafu nyingi kuliko wavuvi wote pamoja. Ilikuwa ndiyo inayolipa umeme, kwa maneno mengine. Nao wakaambiwa na mhasibu wao kwamba bila ankara ya kielektroniki hawanunui, na pini yenye deni haikutoa ankara. Meneja alikuja mwenyewe kumwambia Mwanaisha, hakutuma ujumbe. Kwa hilo namsifu. Alisema tengeneza mambo yako tutarudi. Mwanaisha akabaki na wavuvi, na wavuvi hulipa samaki wakiuzwa.

Nilimshawishi kidogo. Nilimwambia andika jina lako kwa muda tu, Mungu anajua nia yako, ndugu zako wakikua utawarudishia. Mpaka sasa sijui kama ulikuwa ushauri mzuri au mbaya. Watu wengi wamefanya hivyo, na wengine wao kweli wamerudisha. Akanijibu kwamba yeye ana mume, na mume ana ndugu, na akifa yeye kesho, karatasi itasema mtambo ni wake, na ndugu za mumewe watakuja na hati ya Kadhi ya kwao. Nilikuwa sijafikiria hivyo. Mimi nilikuwa nafikiria leseni.

Eda ilipokwisha Bi Zaina aliniita nyumbani. Alikuwapo Mwanaisha, na ami yake aliyesimama siku ya mazishi. Nilikaa ukumbini nikapewa kahawa. Bi Zaina alisema hati ya usimamizi ikitoka, mtambo uuzwe, na cha kwanza kitakachotoka kwenye fedha hizo ni deni la mume wake.

"Tukiuza, wana hawa watakula nini?" Mwanaisha aliuliza.

"Riziki yao."

"Riziki yao ndiyo hii. Mama, baba alikopa akauza hata dhahabu yako kuuleta mtambo huu. Nti nzima hii, mji wote, yasimamia barafu yake. Nipe mwaka mmoja."

"Mwaka mmoja yuwalala wapi babako na deni hilo?"

Ami alijaribu kusema kwamba wapo mashehe wanaosema deni la serikali si kama deni la mtu. Bi Zaina alimwambia awalete hao mashehe wamwandikie, na watie sahihi kwamba watalibeba wao. Mwanaisha alitoka uani, na tukasikia ndoo ikipigwa teke.

Hati ilitoka hatimaye, Bi Zaina akiwa msimamizi. Bwana Mutua, kwa hiari yake na siku yake ya mapumziko, aliwaandikia ombi la kusamehewe faini, na sehemu yake ilisamehewa. Iliyobaki pamoja na kodi yenyewe ilitosha kuula mtambo. Mnunuzi alitoka Mokowe, ng'ambo ya bara. Alikuja na mafundi wakakata mabomba, wakamwaga maji ya chumvi sakafuni, wakaitoa kompresa kupitia ukutani kwa sababu mlango ulijengwa baada yake. Wavuvi walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama huko Mokowe nako kuna samaki.

Kilichobaki baada ya deni kiligawanywa kwa mafungu ya Kadhi, na niliombwa nishuhudie. Fungu la Mwanaisha lilinunua makasha mawili ya plastiki yanayotunza baridi. Sasa anauza barafu soko lile lile, kwa jina lake mwenyewe, leseni nilimpa mimi, pini safi, ankara anatoa. Ni mlipakodi wa kupigiwa mfano. Barafu huinunua Mokowe, kwa mtambo ule ule, huletwa kwa boti, na ikifika nusu yake ni maji. Hoteli haikurudi. Kwa bei ile, na mimi nisingerudi.

Nimejiuliza sana kama mambo yangekuwa tofauti wakati wa Bwana Skanda. Huenda. Huenda pia mmoja wa mashemeji wa Bi Zaina angeandikwa kama "warithi" na watoto wasione kitu. Sitaki kusema zamani ilikuwa bora. Nasema tu kwamba tumejenga mfumo unaoweza kuhesabu kila pande la barafu kutoka Faza mpaka Kiwayu, na hauwezi kuelewa kitu ambacho kila nyumba ya pwani inakielewa: kwamba mtu hufa, na mali yake ikakaa kwa muda bila kuwa ya mtu mmoja. Wenye biashara kubwa wanao mawakili wa kuwatafsiria. Hawa wadogo walikuwa na mimi, darasa la saba, na Bwana Mutua na viatu vyake.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Bi Zaina alikuja afisini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ngazi zile. Alikuwa na simu ya mumewe mkononi, akanionyesha ujumbe uliotoka asubuhi hiyo. Nikamsomea: ndugu mlipakodi, hongera, huna deni lolote, tunakushukuru kwa kutimiza wajibu wako.

"Yaani hadaiwi tena?"

Niliangalia kwenye kompyuta ili nisimwambie jambo la uongo. "Hadaiwi, Bi. Jina lake ni safi."

Akamshukuru Mungu, akafuta macho kwa upindo wa buibui. Watu wa foleni walikuwa wakingoja, na hakuna aliyemharakisha.

"Haya. Yeye hadaiwi," akasema. "Na yeye akiwa awadai nyinyi, yuwaenda dirisha gani?"

Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia, bila hasira, na akangoja. Nilimwambia sijui, Bi. Alitikisa kichwa, akaizima ile simu, akashuka ngazi taratibu akishikilia ukuta. Nikamwita wa pili kwenye foleni. Alitaka leseni ya duka, na nilipomuuliza jina la mwenyewe alisita.